Hivi Kweli Hiyo ni Kazi ya Diwani?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai haijachemka, benchi la kibarazani kwa diwani lilikuwa limeshajaa. Nilikaa pale siku moja, katika kata ambayo sitaitaja, nikingoja zamu yangu kama wengine. Mama mmoja alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka barua ya kumdhamini mwanawe aliyelala kituoni. Kijana wa bodaboda alileta habari za kalavati lililosombwa na mvua. Ndugu wawili waligombea mpaka wa shamba, kila mmoja ameshika ncha yake ya benchi. Wa mwisho alikuwa mzee mwenye kofia, kimya, mikono juu ya bakora.

Kati ya hao wote, ni mmoja tu aliyeleta jambo lililo mezani kwa diwani. Wengine walileta yale tuliyozoea kuyaamini. Tuyapitie basi, moja moja. (Nazungumzia Tanzania Bara, Zanzibar wana madiwani wao, sheria zao na masheha wao.)

“Barua ya dhamana anaandika diwani.”

Si kweli. Barua ya utambulisho, iwe ya polisi, ya benki au ya kitambulisho cha taifa, huandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, na muhuri unaotakiwa ni wa ofisi hiyo. Mama yule alikuwa ameipita ofisi yenyewe njiani. Aliamini kwamba mheshimiwa mkubwa zaidi atamtoa mwanawe haraka zaidi.

“Barabara ikiharibika, diwani ndiye mzembe.”

Hili lina historia yake. Zamani lawama hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu halmashauri ilisimamia barabara zake yenyewe, ikiwa na mhandisi wake na pengine greda bovu lililoegeshwa nyuma ya ofisi. Julai 2017 barabara hizo zikahamishiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hata ile shilingi 100 iliyoongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli mwaka 2021 inakwenda huko. Maji ya vijijini nayo yakaenda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo kinono cha halmashauri za mijini, ikaanza kukusanywa na TRA mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 tunakatwa kwenye LUKU, wengine bila hata kujua tunalipa nini. Barabara imeondoka, maji yameondoka, kodi ya majengo nayo ilihamishwa. Benchi la kibarazani halijapungua hata mtu mmoja.

Kilichobaki kwa diwani kwenye barabara ni mdomo, na sisemi hivyo kwa kejeli. Meneja wa TARURA wa wilaya huitwa kwenye baraza la madiwani kueleza mpango wake, na madiwani hutaja barabara zinazotakiwa kutangulia. Diwani anayekwenda na jina la kalavati, picha yake na hesabu ya watoto wanaolivuka kwenda shule hasikilizwi sawa na yule anayesimama kusema barabara zetu ni mbaya. Kijana wa bodaboda alikuwa na picha kumi na mbili kwenye simu. Diwani hakuziomba. Kijana alipokuwa anawasha pikipiki nilimfuata nikamwambia amtumie zote, leo hii.

“Kesi ya shamba inaishia kwa diwani.”

Si kweli. Kuna baraza la kata, na hata lenyewe, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, halitoi hukumu ya ardhi. Linapatanisha ndani ya siku 30; ikishindikana, wagomvi wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe wa baraza la kata huchaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Mkono wake unaishia hapo. Akiwaambia wale ndugu mpaka upite kwenye mwembe, huo ni ushauri wa jirani.

“Diwani anakula mshahara wa serikali.”

Si kweli. Diwani si mtumishi wa umma aliyeajiriwa; hupata posho ya mwezi na posho za vikao. Kwa miaka mingi posho hizo zilitegemea makusanyo ya halmashauri, na penye makusanyo haba madiwani walikopwa. Ni katika mwaka wa fedha 2021/22 ambapo Serikali Kuu ilianza kulipa posho ya mwezi kwa halmashauri nyingi zisizo na uwezo. Ndiyo maana wengi wao wana duka, shamba au bajaji inayowaletea hesabu jioni.

Sasa nenda msibani uone. Daftari la rambirambi likisomwa, jina la diwani hutajwa kwa sauti, na kiasi alichotoa hutajwa kwa sauti kubwa zaidi. Bado harusi, Maulidi, harambee ya kanisa na jezi za timu ya mtaa. Tunamdai mtu wa posho kama vile ana benki, kisha tunashangaa zabuni ya halmashauri ikiangukia kwa shemeji yake. Simtetei. Maadili ya kazi yake yanamtaka aseme wazi pale penye maslahi yake. Ila na sisi tunaompima kwa daftari la rambirambi tunamfundisha kitu.

“Mtendaji wa kata ni kijana wa diwani.”

Si kweli. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, yuko chini ya mkurugenzi, na mkurugenzi ameteuliwa na Rais. Diwani hawezi kumfukuza, kama asivyoweza kumwadhibu mwalimu mkuu, maana nidhamu ya walimu ina tume yao. Wanakutana kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani akiwa mwenyekiti na mtendaji katibu. Wakipatana, kata inakwenda. Wakinuniana, muhtasari hauandikwi, na kikao kisicho na muhtasari ni kama hakikukaliwa.

“Asilimia kumi ni hela ya diwani kugawa.”

Si kweli. Ni mikopo isiyo na riba inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Kikundi kianzie kwa afisa maendeleo ya jamii, si kibarazani.

“Diwani wa viti maalumu ni msindikizaji.”

Si kweli. Kura yake kwenye baraza la madiwani ni kura. Na kwa wasiojua, mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza hilohilo, tena yeye ana Mfuko wa Jimbo anaouongozea kamati. Diwani hana mfuko wowote.

“Baraza la madiwani ni kikao cha wakubwa.”

Si kweli, na katika yote haya, hili ndilo linalotugharimu zaidi. Mkutano wa kawaida wa baraza hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Utaona majoho, utasikia dua, kisha taarifa za kata zitaanza kusomwa. Hapo utamjua mtu uliyempigia kura. Yuko anayesoma alichoandikiwa na mtendaji, hainui macho. Yuko anayeuliza fedha za robo iliyopita zilikwenda wapi na kurudia swali mpaka mkurugenzi ajibu. Yuko pia anayesaini mahudhurio akatoweka kabla ya chai.

Baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti na sheria ndogo, zile za ushuru wa soko na taka, kabla hazijaenda kwa waziri. Ndilo linalokaa kujadili hoja za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ndani yake kuna kamati, na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukutana kila mwezi kutazama mapato na matumizi. Ukikutana na diwani wako sokoni, badala ya kumwomba nauli muulize yuko kamati gani, na mara ya mwisho walikataa kupitisha nini.

Turudi kibarazani. Mzee mwenye kofia alingoja wote waondoke.

“Shikamoo, mzee wangu,” diwani akasema.

“Marahaba, mheshimiwa. Nimekuja kuuliza habari za boma.”

Wanakijiji walikuwa wamechimba msingi wa zahanati, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakafika kwenye lenta. Halmashauri ingeezeka. Mvua tatu zimepita na boma liko wazi. Mbuzi wanalala humo. Mzee alitaka kujua neno moja: boma limo kwenye bajeti, au halimo?

Hilo sasa ndilo la diwani. Linaanzia mkutano mkuu wa kijiji, linapita kwenye kamati ya kata anayoiongoza yeye, linaingia kwenye mpango wa halmashauri anaoupigia kura yeye. Hakuna TARURA wala RUWASA wa kusukumiwa. Diwani alikohoa, akasema atafuatilia.

“Utafuatilia lini, mwanangu?” Mzee alishaacha kumwita mheshimiwa. “Hata mwaka jana mwezi wa sita uliniambia hivyohivyo.”

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mabaraza hupitisha makadirio yao miezi kadhaa kabla, mwanzoni mwa mwaka. Kufikia mwezi wa sita kazi imekwisha. Mwenye boma aende kwa diwani kabla ya Krismasi.