Viwango vya Mafunzo ya Naturopathi na Urithishaji wa Ujuzi wa Tiba: Mfano wa Zuzu, Dodoma

Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2010 vinamtaka mwanafunzi wa naturopathi asiye na mafunzo ya awali ya afya asome saa zisizopungua 1,500, zikiwamo 400 za mazoezi ya tiba chini ya usimamizi. Nchini, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga. Miongoni mwa Wagogo wa Zuzu, ujuzi hurithishwa kwa kumfuata mzee porini na kwa mgonjwa, bila kuhesabu saa. Mtaala unaopima muda pekee humwacha nje mjuzi. Kutopima chochote humhatarisha mgonjwa. Hivyo, kinachostahili kupimwa ni umahiri: kutambua mmea, kipimo chake, na wakati wa kumpeleka mgonjwa hospitalini.