Maumivu ya Kiuno na Nyonga: Si Kila Uchungu Umetoka Kibanjani

Mkulima wa Bukoba au Muleba aliyeinama kutwa akipalilia migomba, kisha akapanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, haoni ajabu kiuno kikimuuma jioni. Mara nyingi yuko sahihi. Hata hivyo, maumivu yanapoanzia mgongo wa chini na kushuka hadi kwenye nyonga au chini ya kitovu, chanzo chake chaweza kuwa misuli, mifupa, figo, kizazi au hata maziwa yasiyochemshwa, na tiba ya kimoja haiponyi kingine.

Mchanganyiko huo unatokana na maumbile. Uti wa mgongo umekaa juu ya fupanyonga, na mishipa ya fahamu ya kiuno, kizazi, kibofu na miguu hutoka eneo moja. Kwa hiyo ugonjwa wa kizazi huweza kusikika mgongoni, na sahani ya uti wa mgongo iliyochomoza ikasikika kwenye makalio na mguuni.

Maumivu yanayotokana na kazi huongezeka mtu anapoinama au kunyanyua mzigo na hupungua anapobadili mkao. Mengi huisha ndani ya wiki chache. Kinyume cha imani ya wengi, kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Inafaa mgonjwa aendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi. Dawa za kutuliza maumivu husaidia kwa muda mfupi, lakini zile za jamii ya diklofenaki huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo zikitumiwa kiholela, na mjamzito hapaswi kuzimeza bila ushauri wa daktari. Yasipoisha, mazoezi ya tiba yanayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia hufaa kuliko sindano za kurudiarudia.

Kwa wanawake, neno "chango" limeficha magonjwa mengi. Maumivu chini ya kitovu yanayoambatana na homa, uchafu ukeni wenye harufu au maumivu wakati wa tendo la ndoa huashiria maambukizi katika via vya uzazi. Tiba yake ni antibiotiki, kwa kawaida siku 14, na mwenzi naye hutibiwa. Akiachwa, ugonjwa hurudi na mirija ya uzazi huweza kuziba. Hedhi nzito yenye maumivu ya kiuno huweza kutokana na uvimbe wa kizazi, ambao huonekana kwa kipimo cha ultrasaundi. La hatari zaidi ni mimba iliyotunga nje ya kizazi: hedhi imekosekana, maumivu makali yamekaa upande mmoja, damu inatoka kidogo na kizunguzungu kinaanza. Huyo hasubiri kupambazuke, wala hapewi dawa ya mitishamba.

Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, upo ugonjwa wa brusela, ambao hushambulia kiungio kati ya uti wa mgongo na fupanyonga. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, na mgonjwa hutibiwa malaria mara kadhaa bila nafuu. Hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja kwa wiki zisizopungua 6. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huanza polepole, mgonjwa akikonda, na kikipuuzwa huweza kupoozesha miguu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.

Wanaume wenye umri mkubwa wanaopata shida ya kukojoa pamoja na maumivu ya kiuno yasiyoisha wapimwe tezi dume.

Kipimo cha mkojo, cha ujauzito na uchunguzi wa awali huweza kuanzia zahanati au kituo cha afya. Wanaohitaji zaidi hupelekwa hospitali kama Rubya, Ndolage au Kagondo wilayani Muleba, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza, wanaotegemea boti kufika nchi kavu, ni busara safari ianze mara dalili hizo zinapoonekana, kabla ziwa halijachafuka.