Kostiki soda jikoni: hatari ya preseli iko kwenye beseni

Preseli za Bavaria, mikate ile iliyofungwa fundo, hazipati rangi yake ya kahawia kwa mayai wala sukari. Kabla ya kuingia tanurini, kila fundo la unga huchovywa kwa sekunde chache katika maji yenye kostiki soda, ile ile wanayonunua watengeneza sabuni na wazibua mabomba. Asikiaye hivyo kwa mara ya kwanza huuliza kama mkate huo unalika. Unalika. Katika joto la tanuri, kostiki iliyobaki juu ya ganda hukutana na kaboni dioksaidi na kugeuka kabonati ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Aliye hatarini ni yule aliyesimama mbele ya beseni kabla mkate haujaokwa.

Waokaji wa Ujerumani hawazidishi asilimia 4, yaani gramu 40 hivi kwa lita moja ya maji. Udogo wa namba hiyo huwapumbaza wengi. Kwenye kipimo cha pH maji hayo hukaribia 14, wakati bekingi soda iliyoyeyushwa haivuki sana 8, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni ongezeko la mara kumi.

Tena kostiki haiunguzi kama asidi. Asidi nyingi hugandisha protini za ngozi, na ugando huo huichelewesha asidi yenyewe kuzama. Kostiki huziyeyusha protini, na mafuta ya ngozi huyafanya sabuni, hivyo hujifungulia njia ya kwenda ndani zaidi. Ule utelezi vidoleni ni ngozi yako inayogeuka sabuni. Kwa kuwa mchanganyiko mwepesi huenda usiume papo hapo, mtu huendelea na kazi huku akiungua. Machoni ni balaa zaidi: tone moja laweza kuacha kovu la kudumu kwenye konea. Ndiyo maana mimi huitanguliza miwani ya kinga, ile inayoziba hadi pembeni, kabla ya glavu za mpira, ingawa wengi hukumbuka glavu tu.

Maji baridi yatangulie chomboni, kisha chembe zilizopimwa kwa mizani zinyunyizwe kidogo kidogo huku ukikoroga. Gramu 40 zikienea katika lita moja hupandisha joto kwa nyuzi kama 10 tu. Lakini chembe hizo zikiwa chini ya bakuli ukazimwagia maji kidogo, joto lote hubanwa mahali pamoja, na maji yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni.

Chombo chenyewe nacho kina neno. Sufuria nyingi za kwetu ni za alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa hidrojeni, gesi inayowaka. Tumia chuma cha pua. Hata trei ya kuokea isiwe alumini tupu, na hapa ndipo mlaji naye anapoguswa: unga uliolowa kostiki huichota metali hiyo na kuiingiza kwenye mkate, jambo ambalo wakaguzi wa chakula wa Ujerumani wamewahi kulikemea. Vilevile, kostiki iwe ya daraja la chakula, E524. Dawa ya kuzibua mabomba mara nyingine huwa na vipande vya alumini na kemikali nyingine ndani yake.

Kuhusu watoto sina mzaha. Daktari Chevalier Jackson wa Pennsylvania, jimbo ambalo ndilo kitovu cha preseli Marekani, alitibu watoto wengi waliomeza kostiki ya nyumbani. Umio ulioungua hupona kwa kovu, na kovu hulibana koo hadi mtoto anashindwa kumeza hata maji. Jackson alipigania sheria kwa miaka mingi, na mwaka 1927 Marekani ikapitisha ile iliyolazimisha makopo ya kostiki yaandikwe kuwa ni sumu. Kwetu kostiki bado hupimwa dukani na kufungwa kwenye mfuko usio na maandishi, au ikishayeyushwa huwekwa kwenye chupa ya soda. Chupa hiyo ndiyo mtego wenyewe.

Ikimwagika mwilini, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Siki usiiguse, inakupotezea dakika ambazo maji yangekuwa yanafanya kazi. Jicho lisafishwe hivyo hivyo, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali. Aliyemeza asitapishwe, maana kitakachorudi kitaunguza umio kwa mara ya pili. Suuza kinywa, kisha hospitali bila kungoja maumivu.

Nyumba yenye watoto wadogo, ushauri wangu ni kuachana na kostiki kabisa. Badala yake, tandaza bekingi soda kwenye trei, iweke tanurini kwa nyuzi 130 za selsiasi kwa saa moja. Gramu 100 zitabaki 63 hivi, nyingine zimetoka kama mvuke na kaboni dioksaidi, na kilichobaki ni kabonati ya sodiamu, ambayo utaiyeyusha kwenye maji ya kuchovyea preseli. Nayo huwasha ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani zibaki, lakini nguvu yake ni ndogo mno kuliko ya kostiki. Preseli zitatoka na wekundu hafifu kidogo, na mla preseli wa Munich atalalamika.