Watafiti wakibisha hodi kwa mama, umjibu nini?

Hebu fikiria, msomaji, mama yako anakupigia simu kutoka Werugha. Vijana wa chuo kikuu wamefika nyumbani, wanataka kuwatazama popo walio chini ya mabati, kisha wawatoe watu damu kidogo. "Mwanangu, nikubali ama nikatae?" Nawe uko kazini Mombasa au Nairobi, na hujui umjibu nini.

Swali hilo si la mzaha. Watafiti si wageni katika Milima ya Taita. Pale Wundanyi, si mbali na Werugha, Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini kina kituo chake cha utafiti. Mnamo Mei 2018, wataalamu wa Helsinki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi walinasa popo katika milima hiyo. Mmoja alipatikana na virusi vya Bombali, ambavyo ni vya jamii moja na Ebola na viligunduliwa kwanza nchini Sierra Leone. Popo wa aina hiyo hupenda sana kujificha katika mapaa ya nyumba za watu.

Sasa jiweke mahali pa mwenye nyumba. Ukisikia neno Ebola redioni kabla hujaelezwa lolote, bila shaka utawafukiza popo, jirani atakuepuka, na mtafiti akirudi atakuta mlango umefungwa. Ilhali habari hiyo ina nusu ya pili. Damu ya wagonjwa wa homa wa eneo hilo ilipimwa, wala haikuonyesha kwamba kuna aliyeambukizwa. Hadi leo virusi vya Bombali havijajulikana kumwuguza mwanadamu. Popo nao hula wadudu wengi usiku, na kuwafukuza ovyo ni kuwatawanya tu.

Ni nusu hii ya pili ambayo huchelewa kufika kijijini. Matokeo huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya wataalamu, na aliyetoa damu hubaki akikisia. Hapo uvumi hupata mwanya. Ni nani aliyelelewa Pwani asiyetishwa utotoni kwa mumiani, yule mnyonya damu?

Huko Kilifi, taasisi ya KEMRI imefanya utafiti tangu 1989, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wazazi wengi ambao watoto wao walikuwa katika utafiti hawakuutofautisha na matibabu ya kawaida. Walikuwa wametia sahihi, naam, lakini kutia sahihi si kuelewa. Baadaye wakazi walianza kuchagua wawakilishi wao, ambao hukutana na watafiti na kuwafikishia malalamiko ya kijiji. Uvumi haukwisha, ila sasa yupo wa kuulizwa.

Basi, mwambie mama asiwafukuze, wala asikimbilie kukubali. Utafiti nchini Kenya huhitaji kibali cha NACOSTI pamoja na idhini ya kamati ya maadili, kwa hiyo aombe kuviona. Chifu akisema ni sawa, hiyo ni ruhusa ya kuingia kijijini. Damu ni ya mama mwenyewe. Fomu asomewe kwa Kiswahili au Kidawida, na kama hajui kusoma, awepo shahidi anayemwamini. Aulize damu itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, na kama itasafirishwa ng'ambo. Abaki na nakala yenye nambari ya simu. Anaweza kujitoa siku yoyote, na zahanati haina ruhusa ya kumnyima dawa kwa sababu hiyo. (Ajabu ni kwamba kanuni za ridhaa zinazofuatwa na madaktari duniani zilipitishwa mwaka 1964 katika jiji hilo hilo la Helsinki.)

Mtafiti mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Akianza kutazama saa, mama ana haki ya kumwambia arudi siku nyingine.

Na kabla gari halijaondoka, aulize jambo moja zaidi: majibu yataletwa lini Werugha, na nani atakayeyaleta.