Paka wa Mtaani na Afya ya Mtoto Wako

Leo tutazungumza juu ya paka. Najua kuna mama anayesema huko jikoni, "Leo muuguzi ameishiwa na mada." Ngoja nikueleze.

Katika mtaa mmoja hapa Mombasa, ninakotembelea akina mama waliojifungua, wapangaji walichoshwa na paka. Usiku kucha ni kelele, ndoo za taka zinapinduliwa, samaki wanaibwa jikoni. Mtu mmoja akatia sumu kwenye vipande vya samaki na kuviweka kichochoroni. Asubuhi mtoto wa miaka mitatu akaokota kipande kimoja, akakipeleka mdomoni. Nyanya yake aliyekuwa akifagia ndiye aliyemwahi. Paka kadhaa walikufa siku ile. Nilipopita tena baada ya miezi michache, paka walikuwa wamejaa kama kwanza.

Kwa nini? Paka hukaa penye chakula. Ukiwaua waliopo, vichwa vya samaki na taka bado vipo, na paka wa mitaa ya jirani huja kuchukua nafasi. Tena paka huzaa upesi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Mimba huchukua siku 65 hivi, na mara nyingi huzaa watoto watatu hadi watano. Anaweza kushika mimba nyingine kabla hajawaachisha wale wa kwanza kunyonya. Katika nchi za baridi, mchana unapokuwa mfupi, paka hupumzika kuzaa. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hivyo wanazaa mwaka mzima.

Njia inayofaa ni kuwafunga uzazi. Paka hunaswa kwa tundu lenye chambo bila kuumizwa, akapelekwa kwa daktari wa mifugo. Huko hudungwa sindano ya usingizi, kisha jike hutolewa mifuko ya mayai na dume huhasiwa. Hapo hapo huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Akiwa bado usingizini, ncha ya sikio moja hukatwa kidogo, ili ajulikane asinaswe tena bure. Akipata nafuu hurudishwa pale pale alipotolewa.

Akina mama huniuliza, "Sasa mbona mnamrudisha?" Kwa sababu akiwa pale, paka wageni hawaingii kwa urahisi, na panya anaendelea kuwashika. Dume aliyehasiwa hapigani sana wala hakojoi ovyo ukutani. Zile kelele za usiku hupungua. Kisiwani Lamu, ambako paka ni wengi vichochoroni, kazi hii ya kuwafunga uzazi imekuwa ikifanywa.

Lakini ukifunga paka wawili ukaacha kumi, hujafanya kitu. Lazima wengi wao wafungwe katika muda mfupi, na taka zifunikwe. Kwa hivyo zungumzeni katika kikao cha nyumba kumi, muulize afisi ya mifugo ya kaunti au shirika la kutetea wanyama kama vile KSPCA. Gharama ipo, sitakudanganya. Mkichanga pamoja, anzeni na majike.

Sasa twende kwa mtoto wako. Wagonjwa wengi wa kichaa cha mbwa huumwa na mbwa, lakini paka pia huupata na kuuambukiza. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na paka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa kabisa, si kwa kukisia. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukianzishiwa chanjo, maliza sindano zote hata kidonda kikipona.

Na wewe mjamzito: kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma kinachotoka katika kinyesi cha paka, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Paka hukitoa zaidi anapoambukizwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa bado mdogo, kwa wiki moja hadi tatu. Ndiyo maana mtaa usio na vitoto vya paka kila mwezi una nafuu kwako. Si lazima umfukuze paka wako wa nyumbani. Mwachie mtu mwingine kuzoa kinyesi kila siku, nawa mikono ukitoka shambani, osha mboga vizuri na upike nyama mpaka iive. Kwa kweli, nyama isiyoiva huwaambukiza watu wengi tu ambao hawajawahi kufuga paka.

Kwa leo ni hayo. Kama una swali, niulize siku ya kliniki ya watoto.