BUSTANI YA GUNIA: MBOGA ZA KIANGAZI KARIBU NA MLANGO



Katika vijiji vingi vya Dodoma na Singida mvua huanza Desemba na kukoma Aprili. Wakati wa mvua mboga si tatizo. Mchicha, mlenda, majani ya kunde na ya maboga hujaa tele. Shida huja kiangazi. Mboga za majani hukauka, na mama hubaki na mlenda mkavu, au hununua mafungu sokoni. Fedha ikikosekana, watoto hula ugali na chochote kilichopo.

Hili si jambo dogo. Majani ya kijani kibichi yaliyokoza yanaupa mwili vitamini A. Mtoto mdogo akiikosa kwa muda mrefu, huanza kutoona vizuri giza linapoingia. Akiendelea kuikosa macho hukauka, na anaweza kupofuka kabisa. Tena surua na kuhara humlemea upesi kuliko watoto wengine.

Basi, tulime bustani kiangazi. Lakini maji tutayatoa wapi? Tuta la kawaida hunywa maji bila kushiba. Mengine huzama chini mbali na mizizi, mengine hukaushwa na jua. Hapo ndipo gunia linaposaidia. Sehemu kubwa ya maji unayomwaga ndani ya gunia hubaki humo humo, kwenye mizizi.

Njia hii imeshajaribiwa. Mwaka 2008 shirika la Solidarités la Ufaransa liliwasaidia watu wa Kibera, Nairobi, kupanda mboga kwenye magunia. Kule nyumba zimebanana, hakuna ardhi. Sisi ardhi tunayo, tunachokosa ni maji. Gunia ni lile lile.

Chombo gani kinafaa?

Gunia la nafaka, kiroba cha unga au cha sukari, vyote vinafaa. Ndoo iliyopasuka, beseni bovu, karai, tairi kuukuu, sufuria lililotoboka, hata hivyo vyafaa kwa mimea midogo. Kila chombo kiwe na matundu chini, kwani maji yakituama mizizi huoza.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya kuua wadudu. Dumu la dawa ya pamba, kopo la dawa ya ng'ombe, mfuko wa mbegu zilizopakwa dawa, vyote hivyo hapana. Wengine husema, "Nimeliosha mara kumi." Hata ukiosha mara ishirini! Sumu hunywewa na plastiki yenyewe, kisha hutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye udongo. Chombo kizuri cha bure kisikudanganye.

Namna ya kujaza gunia

Chagua mahali kwanza, maana gunia likishajaa udongo halibebeki. Liwe karibu na jiko, mahali penye jua nusu siku na kivuli mchana wa jua kali.

Changanya udongo wa juu wa shambani sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mimea. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, ongeza mchanga kidogo. Tafuta pia kokoto au mawe madogo, na kopo kubwa lililotolewa kitako, likawa kama bomba.

Kunja mdomo wa gunia kwa nje. Simamisha kopo katikati, lijaze mawe, kisha jaza udongo kulizunguka. Udongo ukifika karibu na mdomo wa kopo, livute juu taratibu. Mawe yatabaki katikati. Lijaze tena mawe, weka udongo tena, vuta tena, mpaka gunia lijae. Utakuwa na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Usiiruke kazi hii. Bila nguzo hiyo maji hubaki juu, na miche ya chini hufa kwa kiu huku udongo wa juu ukiwa tope.

Mwagilia gunia siku mbili au tatu, udongo ushuke. Kisha toboa matundu ubavuni kwa kisu, yaachane kama shubiri moja. Matundu ya mstari wa juu yasikae juu kabisa ya yale ya chini, yapishane. Panda humo miche ya sukuma wiki au spinachi uliyoiotesha kwenye karai. Panda jioni, jua likishapoa. Juu ya gunia panda nyanya moja au mbili, vitunguu, au mwaga mbegu za mchicha.

Hebu tupige hesabu

Gunia la kilo 100 huchukua miche 30 hadi 40 ubavuni. Chukua miche 40. Ukichuma majani mawili kwa kila mche kila wiki, unapata majani 80. Familia ya watu sita hutumia kama majani 40 kwa mlo mmoja. Kwa hiyo gunia moja ni milo miwili kwa wiki. Atakayekuambia gunia moja litalisha nyumba nzima anatia chumvi. Magunia matatu ni milo sita, na hapo ndipo utaacha kununua.

Na maji je? Gunia moja linataka kama lita 5 kwa siku, zaidi jua likiwa kali. Magunia matatu ni lita 15 mpaka 20, yaani karibu debe zima. Kwa mama anayefuata maji kilomita tatu, debe moja si mchezo. Kwa hiyo tumia maji ambayo yamekwisha kufanya kazi moja. Maji ya kuoshea mboga na mchele na ya kusuuzia vyombo yanafaa. Yamimine kwenye mawe, sio juu ya majani. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au magadi yatachoma mimea. Maji ya kufulia nepi za mtoto yana uchafu wa choo, usiyatumie kabisa. Maji yaliyotumika yasipotosha, baba naye ana baiskeli, achukue dumu aende kisimani. Mboga atakula yeye pia.

Adui wa bustani

Adui wa kwanza ni kuku na mbuzi. Zungushia miiba tangu siku ya kwanza, usingoje mbuzi akufundishe. Vidukari wakionekana chini ya majani, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo. Au twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, nyunyizia jioni. Mche ulioshambuliwa sana ung'oe mapema.

Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki uanze kuichuma kama wiki sita baada ya kupandikiza. Chuma majani ya chini tu, kiini cha juu kiache. Hivyo mche utaendelea kukupa majani kwa miezi kadhaa.

Jikoni, osha majani kwanza ndipo ukate. Usiyachemshe mpaka yafifie. Tia mafuta kidogo, na alizeti ya Singida ipo, kwa sababu mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A ya majani pasipo mafuta.

Makopo madogo yaliyobaki usiyatupe. Ukishayasafisha na kuyatoboa chini, pilipili, giligilani na nanaa huota humo vizuri. Mchaichai unataka ndoo, maana hupanuka. Vipange ukutani karibu na mlango wa jiko, kila kimoja kinywe kikombe cha maji asubuhi.