Gesi Ikirudi Jikoni

Gesi haina adabu ya kungoja chakula kiive ndipo iishe. Mboga ya chinsaga imekaa motoni saa nzima ili uchungu upungue, maziwa bado hayajatiwa, na mara moto unafifia, unarukaruka kidogo, unazimika. Mpishi anasonya, anaipua sufuria na kumpigia simu mwenye duka la gesi. Haipiti nusu saa bodaboda iko langoni, mtungi umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Mtupu unatoka, uliojaa unaingia, regulata inabanwa, laita inawashwa. Mapishi yanaendelea.

Mimi kazi yangu ni kukagua mitambo ya gesi, na ukiniuliza ni saa ngapi ya siku ninayoiogopa, nitakutajia hiyo ya kubadilisha mtungi. Mtu huzima moto unaowaka. Hakumbuki kuzima moto uliozimika wenyewe. Kwa hiyo kizungushio cha jiko kimebaki wazi tangu gesi ilipoisha. Mtungi mpya ukifunguliwa, gesi inatoka palepale ilipokuwa ikitoka, ila sasa haina moto wa kuila. Inamwagika sakafuni wakati mwenye nyumba yuko mlangoni akihesabu chenji na watoto wanatafuta laita iliyopotea chini ya kochi.

Kwenye miji yenye mabomba ya gesi chini ya barabara, kurudisha gesi ni shughuli nzito kuliko kuikata. Tarehe 13 Septemba 2018, presha ilipanda kupita kiasi kwenye mabomba ya Merrimack Valley, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Nyumba zilishika moto huku na kule kwa saa chache, mtu mmoja akafa, na wateja zaidi ya 8,000 wakakosa gesi. Mafundi walipita nyumba hadi nyumba wakifunga mita. Kisha mabomba ya zamani yakabadilishwa, na kila nyumba ikakaguliwa kabla ya kufunguliwa. Watu walipika kwa majiko ya umeme ya kuazimwa na kuoga maji baridi hadi Desemba. Walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini kanuni ilikuwa kutofungua bomba kwa nyumba ambayo fundi hajaingia jikoni mwake. Angejuaje kama jiko la ndani liliachwa wazi?

Kwetu Kisii na Nyamira, nchini Kenya, hatuna bomba la mtaa. Gesi yetu ni ya mtungi, wa kilo 6 au wa kilo 13, na mahotelini ile mikubwa ya kilo 50. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu robo ya kaya za Kenya hupika kwa gesi hasa, huku zaidi ya nusu zikiwa bado kwenye kuni. Ukitembea vijijini Nyamira, kati ya mashamba ya majani chai, utaamini hesabu hiyo ya kuni. Lakini panda ghorofa yoyote ya kupangisha mjini Kisii, Keroka au Nyamira mjini, uhesabu mitungi kwenye ngazi tu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa soko la Daraja Mbili, wote wamehamia gesi, na tangu kodi ya ongezeko la thamani ilipoondolewa kwenye gesi ya kupikia mwaka 2023 sababu ya kurudi kwenye makaa imepungua. Hakuna kampuni inayomfungia mpangaji mita, wala mkaguzi anayebisha hodi. Gesi inakatika na kurudishwa na mpangaji mwenyewe, kila mtungi unapoisha, na kipimo anachotumia ni laita.

Gesi hii ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu hivi, butani karibu mara mbili. Gesi asilia, kama ile ambayo shirika la petroli la Tanzania, TPDC, limeiunganisha kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, ni nyepesi. Ikivuja hupanda darini na kutafuta upenyo. Yetu hushuka na kutiririka kama maji, inapita chini ya mlango, inateremka ngazi, inajikusanya pale isipoweza kwenda mbele. Sasa ufikirie majengo yetu. Kisii ni mji wa vilima. Kuna majengo ambayo ukiingia kutoka barabarani unadhani uko chini kabisa, kumbe nyuma, upande wa mteremko, kuna vyumba vingine chini ya miguu yako, mara nyingi vya bei nafuu, vyenye dirisha moja. Aliyevujisha gesi anaweza kuwa juu, na atakayewasha kiberiti akawa ghorofa mbili chini, hajui lolote.

Na haihitajiki gesi nyingi. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, inashika moto. Chukua bedsita ya mita 3 kwa mita 3, yenye dari ya kawaida: gesi isiyotimia kilo 1 inatosha kuijaza kwa kiwango hicho kama itaenea sawasawa. Lakini haienei sawasawa. Inalala sakafuni, kwa hiyo kiasi kidogo zaidi kinatosha kuwaka usawa wa magoti, mahali ambapo wengi wetu huweka jiko la makaa pembeni ya mtungi kwa ajili ya maharagwe. (Jiko la makaa ndani ya bedsita lina sumu yake nyingine, isiyo na harufu, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Gesi yenyewe haina harufu. Uvundo tunaoujua, ule wa kabeji iliyooza, hutiwa makusudi ili pua isaidie. Pua ni kifaa kizuri lakini ina kasoro mbili. Ikikaa ndani ya harufu kwa dakika kadhaa inaizoea, haiisikii tena. Ndiyo maana jirani anayepita kwenye ngazi hugundua kabla ya mwenye chumba. Na mtu aliyelala usingizi hanusi vya kutosha kuamka. Kuna pia imani moja iliyoenea, kwamba mtungi ukikaribia kuisha lazima unuke, kwa hiyo harufu ya mwisho wa mwezi haimshtui mtu. Ina chembe ya ukweli, kwa kuwa dawa ya harufu hubaki kwa wingi kwenye gesi ya mwishomwisho. Lakini mtungi usiovuja haunuki hata ukiwa umebakiza gramu. Ukinusa, kuna pahali panavuja.

Basi umenusa. Funga valvu ya mtungi, halafu fungua mlango. Nasema mlango kabla ya dirisha kwa sababu dirisha la vyumba vyetu liko usawa wa kifua na gesi iko kwenye nyayo. Swichi usiiguse: taa inayowaka iache iwake, iliyozimwa iache ilivyo. Watu hulijua hilo, wanachokisahau ni stima iliyopotea. Mvua kubwa ikinyesha jioni, stima ikakatika, mtu huwasha mshumaa. Na hata asipowasha, stima ikirudi friji inajiwasha yenyewe, na cheche yake ndogo haionekani na mtu. Kama umenusa gesi gizani, toka na wenzako, bisha milango ya walio chini yako kwa mkono, usibonyeze kengele, kisha piga 999 au 112 ukiwa nje. Kama valvu yenyewe ndiyo inayovuja na hakuna moto karibu, utoe mtungi nje ukiwa wima, mbali na mtaro, maana gesi hupenda mitaro.

Ikiwa moto umeshika kwenye regulata, tabia ya kwanza ni kuumwagia maji au kuupuliza. Ukifaulu kuuzima bila kufunga valvu, umebadilisha hatari inayoonekana kwa isiyoonekana. Tia taulo kwenye maji, lizungushe mkononi, funga valvu; moto utakufa kwa kukosa chakula. Kama valvu haifikiki, ondoka, uwaite wazimamoto. Mtungi unaopigwa na moto wa nje huongezeka presha ndani, na umbali wa kukaa kutazama huku simu ikirekodi huwa hautoshi.

Sasa turudi kwenye kurudisha gesi. Kabla ya bodaboda kufika, zungusha vizungushio vyote vya jiko hadi vifungike, hata kile unachodhani umekifunga. Mtungi ukifika, uguse shingo yake. Kwenye mitungi mingi ya kilo 13, pete ndogo nyeusi ya mpira inayozuia gesi imo ndani ya valvu ya mtungi, si ndani ya regulata yako. Maana yake ni kwamba kila unapobadilisha mtungi, umebadilisha na pete. Uliyokuwa nayo jana ilikuwa nzima. Ya leo inaweza kuwa imepasuka, imekakamaa, au haipo kabisa, imedondokea njiani kati ya Suneka na mjini. Itazame kwa mwanga wa mchana. Ukiikosa, mrudishe bodaboda na mtungi wake. Usikubali kufungiwa uzi au kipande cha tyubu ya baiskeli mahali pa pete. Regulata ya mtungi wa kilo 6 nayo si ya kilo 13, na fundi anayekuambia itaingia ukiigonga anakudanganya.

Ukishafunga regulata, fungua valvu huku jiko likiwa limezimwa, chukua sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo, upake kwenye shingo, kwenye regulata, na pale mpira wa gesi unapoingia regulata na jiko. Ngoja. Povu likianza kujivimbisha polepole, kipovu juu ya kipovu, kuna gesi inayotoka. Povu likitulia mpaka likauke, washa jiko. Kazi hii haichukui hata muda wa kuchambua mchicha, na ndiyo kazi ileile wanayofanya mafundi wa mabomba kabla ya kufungua gesi, ila wao wana saa ya presha. Mpira wa gesi, nao, usinunue wa bei ya chini kabisa kwa kuwa una rangi ya kupendeza. Utafute wenye alama ya shirika la viwango, KEBS, na ukianza kuwa mgumu au kuonyesha nyufa ukiukunja, uutupe. Usiupitishe nyuma ya jiko la moto.

Mtungi wenyewe una asili yake. Sheria za mwaka 2009 zilimruhusu Mkenya kubadilisha mtungi wa kampuni yoyote kwa wa kampuni nyingine. Za mwaka 2019 zikabana, kila kampuni ikawajibika kwa mitungi yenye jina lake, na mwingine haruhusiwi kuijaza bila idhini yake. Pengo kati ya sheria na mtaa linazibwa na wale wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka, bila mizani ya kuaminika na bila kukagua valvu. Usiku wa Alhamisi, 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye eneo lililokuwa kati ya makazi ya watu. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, ikaeleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo hapo mwaka uliotangulia. Vituo vya namna hiyo, vidogo zaidi, si vya Nairobi peke yake. Ukiona duka lenye mitungi mikubwa iliyogeuzwa kichwa chini kwenye ua wa nyuma, unajua kinachoendelea. Soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye kola yake, uujumlishe na kilo ulizolipia, upime mbele ya muuzaji. Asiyetaka kupima amekwisha kukujibu.

Limebaki suala la mwenye nyumba. Majengo mapya yameanza kuweka mitungi mikubwa nje, chini, na kuvuta bomba hadi kila jiko. Nauunga mkono mpango huo, kwa sababu unatoa mitungi kwenye ngazi. Lakini siku mitungi hiyo itakapoisha saa kumi na mbili jioni, majiko ishirini yatazimika kwa pamoja, na nusu ya wapangaji wako kazini au wamesafiri. Keateka akifungua mtungi mpya bila kupita vyumba vyote, atakuwa amewafungulia wasiokuwepo. Kila chumba kinahitaji valvu yake inayofungika kutoka nje ya mlango, na jiko linalojifunga moto ukizimika. Bomba lililokatwa kwa ukarabati linatakiwa kujazwa hewa, saa ya presha ifungwe, itazamwe bila kushuka, kabla gesi haijaguswa. Mkataba wa kupangisha useme ni nani anayeshika ufunguo wa kizimba cha mitungi na nani anayesaini kwamba vyumba vyote vimepitiwa.

Wenye nyumba huniambia hayo ni gharama. Mwaka 1968, London Mashariki, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo jipya la Ronan Point aliwasha kiberiti asubuhi ili achemshe chai. Nati ya shaba iliyounganisha jiko na bomba ilikuwa dhaifu, na ilikuwa imevunjika. Mlipuko ulisukuma ukuta nje, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka ghorofa kwa ghorofa hadi chini. Watu wanne walikufa. Yeye aliyewasha kiberiti alinusurika, na jengo lilikuwa limefunguliwa miezi miwili tu kabla ya hapo.